Wanasoma kwa kuimba, nikiuliza wananyamaza: jibu kwa mwalimu wa Kigoma

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nafundisha darasa la nne katika shule ya msingi iliyo mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kigoma Vijijini. Mwaka huu tumepata vitabu vya hadithi 46, karibu vyote nakala mojamoja. Nikaanzisha klabu ya kusoma kila Alhamisi baada ya vipindi. Wanakuja watoto 32. Nikigawa vitabu, wanasoma kwa sauti ya kuimba. Nikiuliza 'hadithi inahusu nini?' ni kimya kitupu, isipokuwa binti mmoja hodari, naye ananirudishia sentensi ya kitabuni neno kwa neno. Nimeahidi daftari kwa atakayemaliza vitabu vingi. Sasa wanafunua kurasa tu na kusema wamemaliza. Nimepiga marufuku Kiha ndani ya klabu ili wazoee Kiswahili, kimya kikazidi. Wenzangu wananiambia watoto wa huku hawana utamaduni wa kusoma, nisijichoshe. Nifanyeje wapende vitabu na wavizungumzie wao kwa wao?"

Marahaba, Mwalimu. Swali lako lina mambo matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja: kama watoto wanaweza kusoma, kama wanaelewa wanachosoma, na kama wana sababu yoyote ya kufungua mdomo. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine. Hilo la utamaduni nitalimaliza mapema, kwa sababu likikuingia kichwani utaacha kutafuta.

Jioni moja, waite watoto haohao 32 chini ya mwembe, useme "Kitendawili!" Utaitikiwa "Tega!" kabla hujafunga mdomo. Tega: "Nyumba yangu haina mlango." Mmoja atasema chungu, mwingine boga, watacheka, watabishana, mpaka apatikane wa kusema yai. Wakishindwa kabisa utaomba mji, watakupa Ujiji au Kasulu, utaenda, utarudi na jibu. Je, hao ndio watoto wasiozungumza? Kwenye kitendawili kila mtu anaruhusiwa kujaribu, jibu la kukosea ni sehemu ya mchezo, na gharama ya kushindwa ni mji mmoja tu. Kwenye klabu yako, jibu ni moja, analijua mwalimu, na anayelikosa anachekwa mbele ya wenzake. Mtoto anayenyamaza hapo hajashindwa kufikiri. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Kwa hiyo kazi yako ni kubadilisha hesabu hiyo.

Kabla ya mazungumzo, hata hivyo, hakikisha wanasoma kweli. Kiswahili kinaandikwa jinsi kinavyotamkwa. Hiyo ni neema kubwa kwa anayeanza, lakini ina mtego wake: mtoto aliyeshika silabi anaweza kutamka neno lolote bila kulielewa hata kidogo. Usomaji wake unasikika safi, mwalimu anaridhika, kumbe ni midomo tu inayofanya kazi. Fanya jaribio hili. Andika ubaoni sentensi tano za kawaida, na katikati uweke hii ya mgebuka, samaki wa ziwa lenu: "Asubuhi mgebuka alivaa viatu, akapanda baiskeli kwenda Mwandiga." Waambie wasome. Wakiimba zote sita hadi mwisho bila hata mmoja kucheka, umepata jibu lako: wanatamka, hawasomi. Akicheka mmoja, mwangalie huyo; ndiye aliyekuwa akisoma peke yake ndani ya kwaya.

Kuimba ndiko kunakoficha tatizo. Katika kundi la watoto 32, watano au sita wanaoweza huongoza kwa nusu silabi, waliobaki hudaka sauti na kuimalizia. Mtoto anaweza kufika darasa la nne kwa njia hiyo bila mtu kugundua. Halafu kuna urefu wa maneno yetu. Chukua neno "hawakumwonyesha": ha-wa-ku-mwo-nye-sha. Anayesoma silabi mojamoja, akifika "sha" ameshasahau "ha". Na ile "ha" ndiyo iliyobeba ukanushi. Amesoma neno zima kwa usahihi na akabaki na maana iliyo kinyume! Kichwa hakina nafasi ya kushika vipande sita na papo hapo kufuatilia hadithi. Mtoto wa namna hiyo ukimuuliza "hadithi inahusu nini?" hana cha kukujibu, maana hadithi haikumfikia.

Pima basi, mmoja mmoja, pembeni, bila kutangaza kuwa ni mtihani. Chukua kifungu chepesi cha darasa la pili chenye maneno 60 hivi, uwe na saa au simu, msikilize kwa dakika moja, uhesabu maneno aliyosoma sawasawa. Kigezo kilichotumika nchini kwenye upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika. Kwa klabu yako mimi ningegawa hivi: aliye chini ya 30 anahitaji kurudishwa kwenye silabi na maneno mafupi, dakika kumi kila siku, hata na mwanafunzi wa darasa la sita, aliye kati ya 30 na 50 asome na mwenzake, aliyevuka 50 anaweza kupewa kitabu akaenda nacho. Baada ya ile dakika, funika kifungu umwambie akusimulie kilichotokea, kwa lugha yoyote anayotaka. Hapo ndipo utamwona anayetamka maneno 55 na hana habari na lolote, na utamwona mwingine wa maneno 35 aliyeshika kila kitu. Watoto 32 kwa dakika tatu kila mmoja ni zaidi ya saa moja na nusu. Gawa kwa Alhamisi mbili huku wengine wakitazama vitabu wanavyotaka.

Kuimba usikupige marufuku ghafla, kugeuze. Wewe soma sentensi moja kwa sauti ya kusimulia, unapanda na kushuka kama mtu anayeongea, nao wairudie vilevile huku kidole kikifuata maneno. Huo ni usomaji wa mwangwi. Baada ya ukurasa mmoja, wawili wawili wasomeane ukurasa uleule: mmoja asome, mwingine afuate kwa kidole, wabadilishane. Sauti ya kuimba hufa yenyewe mtoto akiwa na msikilizaji mmoja aliye karibu, kwa sababu huwezi kumwimbia mtu aliye sentimita thelathini kutoka usoni mwako bila kujisikia mjinga.

Sasa lile ulilouliza hasa. Umegawa vitabu 32 tofauti kwa watoto 32. Wazungumze nini? Hakuna wawili waliosoma hadithi moja. Hata watu wazima hawawezi kubishana juu ya mechi iliyotazamwa na mmoja wao tu. Nakala mojamoja zinafaa sana kuazimwa, lakini hazifai kuanzishia mazungumzo. Njia iliyobaki, na ambayo haihitaji hata shilingi moja, ni wewe kuwasomea wote kitabu kimoja kwa sauti. Walimu wengi wanadhani kusomewa ni kwa chekechea. Mtoto wa miaka kumi anaelewa kwa masikio hadithi ngumu kuliko anayoweza kuisoma kwa macho, kwa hiyo ukimsomea anapata hadithi inayolingana na akili yake badala ya inayolingana na kasi yake ya kusilabi. Na kwa wale wa chini ya maneno 30, hapo ndipo pekee wanapoonja kitabu kina utamu gani. Usiwanyime.

Namna ya kufanya: soma kitabu nyumbani mara mbili kabla ya Alhamisi. Weka alama ndogo ya penseli mahali pa kusimama, pasizidi patatu. Ukisimama kila ukurasa unaiua hadithi. Wakae nusu duara, safu mbili, wafupi mbele. Shika kitabu begani kwako, picha ikiwaelekea. Soma kwanza, kisha pita nacho polepole waone picha, usifanye yote mawili kwa pamoja, maana macho yakiwa kwenye picha masikio hulala. Dakika kumi na mbili hadi kumi na tano zinatosha. Mtoto akikatiza kwa mshangao, mwache. Hiyo ndiyo sauti uliyokuwa ukiitafuta tangu Alhamisi ya kwanza.

Halafu maswali. Chukua hadithi ya mfano: kijana anachukua mtumbwi wa babu yake usiku bila kuomba. Anarudi alfajiri na migebuka saba, lakini kasia limevunjika. Babu anatazama kasia, anatazama samaki, anasema, "Haya, kawashe moto." Hadithi inaishia hapo.

Unaweza kuuliza: kijana alichukua nini, alirudi na samaki wangapi. Hayo ni maswali ya ufahamu, yana mahali pake kwenye kipindi cha Kiswahili na kwenye upimaji wa darasa la nne, sina ugomvi nayo. Lakini wewe unajua majibu, na watoto wanajua kwamba unajua. Wanauliza moyoni: kama anajua, ananiulizia nini? Anatega. Kwenye klabu, uliza kitu ambacho wewe mwenyewe huna uhakika nacho. "Mimi huyu babu nimeshindwa kumwelewa. Amekasirika, au hajakasirika?" Usiombe mikono. Sema: anayeona amekasirika asimame upande wa dirisha, anayeona hajakasirika upande wa mlango. Kila mtoto ameshajibu kwa miguu kabla hajatafuta neno, na hakuna aliyesimama peke yake. Wape dakika mbili waambizane wao kwa wao kila upande. Ndipo uulize.

"Amekasirika," atasema mmoja wa dirishani.

"Nini kilichokuonyesha?"

"Hajamwambia asante."

"Angekasirika angempiga," wa mlangoni atadakia. "Kasema kawashe moto. Wanakula samaki."

"Babu yangu akikasirika hapigi. Ananyamaza."

Hapo wamesoma kilichoandikwa na kisichoandikwa, wakaleta na ushahidi wa nyumbani. Sasa wape kitabu: "Tafuteni maneno yanayotusaidia." Utaona ukurasa unasomwa kwa bidii ambayo daftari lako la zawadi halikuweza kuinunua. Atakayetaka kuhama kutoka dirishani kwenda mlangoni mruhusu, tena umwombe aseme ni neno la nani lililomhamisha. Kuhama ni ushindi wa mazungumzo.

Kuna mambo matatu ambayo mwalimu mzuri huyafanya kwa nia njema na yakakata mazungumzo. La kwanza ni haraka. Miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu humsubiri mwanafunzi baada ya swali; akakuta ni kama sekunde moja. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yakarefuka na wanafunzi wengi zaidi wakazungumza. Kwa watoto wanaofikiri kwa Kiha na kujibu kwa Kiswahili mimi ningehesabu kimoyomoyo mpaka saba. Utaona kama kimya kimekaa mwaka mzima. Vumilia.

La pili ni "vizuri sana!" Ukimsifu aliyejibu, waliobaki wanasikia kwamba jibu limepatikana na kazi imekwisha. Sema tu "enhe", kisha "nani anaona tofauti?" au "nani ana la kuongezea?" Uso wako usiseme upande gani umeshinda.

La tatu ni "kwa nini". Neno hilo kwa mtoto wa shule lina harufu ya kesi: kwa nini umechelewa, kwa nini huna sare. Mwandishi wa Uingereza Aidan Chambers, aliyeshughulika kwa miaka mingi na mazungumzo ya vitabu darasani, alishauri walimu walikwepe na badala yake waseme "niambie". Kwetu inakaa vizuri: "Niambie kuhusu huyo babu." "Niambie mahali ulipopotea." Alipenda pia kuuliza mambo manne mepesi: kilichokupendeza, ambacho hukukipenda, kilichokutatiza, na mambo uliyoyaona yakijirudia. Ukiwa na hayo manne ubaoni, una maswali ya mwaka mzima. Zingatia lile la pili. Mtoto akigundua kwamba anaruhusiwa kusema "kitabu hiki kibaya", ndipo atakapokuamini akikwambia kingine ni kizuri.

Na nikuombe kitu kimoja ambacho najua kitakuwa kigumu: kwa mwezi wa kwanza, usiulize "hadithi hii inatufundisha nini?" Watoto wetu wana jibu la swali hilo kabla hujafungua kitabu. Inatufundisha tuwe watiifu, tusiwe wachoyo, tuwaheshimu wakubwa. Wanalitoa kama tiketi ya kutokea nje. Likishatolewa, hakuna anayemfikiria tena yule babu na kasia lake.

Kiha. Hapa sitazunguka, Mwalimu: ondoa marufuku yako. Kuelewa na kusema ni uwezo wa aina mbili, na katika lugha ya pili kuelewa hutangulia mbali sana. Mtoto anaweza kuwa ameifuata hadithi yote ya Kiswahili na ana wazo zuri kuhusu babu, lakini wazo hilo limevaa Kiha. Ukimkataza Kiha hujampa Kiswahili. Umemwacha bila lugha. Wakiambizana wawili wawili, waache waongee Kiha. Kwenye duara kubwa waseme kwa Kiswahili, na neno likikwama waliseme kwa Kiha, mwenzao alitafsiri. Kitabu kinabaki cha Kiswahili, kuandika kunabaki kwa Kiswahili, na lugha ya kufundishia haijaguswa. Utakachopata ni maneno mapya yanayojifunzwa wakati mtoto anayahitaji. Na matamshi yasikushughulishe hapo. Mtoto akisema "kura" badala ya "kula", rekebisha pale tu maana ya sentensi inapogeuka, tena kwa kulirudia neno sawasawa ndani ya jibu lako, bila kumsimamisha. Kama wewe si mwenyeji na Kiha hukijui, ni faida: kila ukiomba tafsiri, wao wanakuwa walimu.

Yule binti hodari hana kosa. Anafanya kile ambacho shule imemzoeza: kurudisha sentensi ilivyo. Lakini akiwahi kila mara, wenzake hupumzika. Mpe kila mtoto punje mbili za mahindi. Anayezungumza anaweka punje moja katikati. Punje zikiisha, anasikiliza. Yeye atazimaliza dakika ya kwanza, kisha utaona watu wengine wanaanza kuwepo. Wiki nyingine mpe kazi ya kuuliza badala ya kujibu: aje na swali moja ambalo jibu lake halipo kitabuni. Mtoto wa namna yake hunufaika zaidi na kazi hiyo, kwa sababu haina sentensi ya kunakili.

Zawadi iache kimyakimya, bila hotuba. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa na watoto wa shule ya awali huko Marekani, waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora walichora kidogo zaidi baadaye, wakati cheti hakipo. Ukimlipa mtu kwa kitu anachoweza kukipenda, unamwambia kwamba ni kazi. Tena wewe ulilipa kwa idadi ya vitabu, nao wakakupa idadi. Kama una madaftari tayari, mgawie kila mmoja lake, awe anaandika humo jina la kitabu na sentensi moja: "Ningependa kumuuliza mwandishi…" Basi. Usiyasahihishe kwa kalamu nyekundu.

Vitabu 46 vitoke kabatini viende majumbani. Najua hofu ya leja: kitabu kikipotea, nani atalipa? Zungumza na mwalimu mkuu, likubaliwe kwenye kikao cha walimu na kuandikwa kwenye muhtasari kwamba vitabu vya klabu vitachakaa na vingine vitapotea. Usitoze faini. Faini ya kwanza ikimfikia mzazi, atamkataza mtoto kuazima, na wadogo zake wote baada yake. Vipe namba 1 hadi 46 kwa kalamu ya wino mzito, uvivalishe jalada la nailoni maana unyevu wa ziwani haucheki na karatasi, uviweke kwenye sanduku lililoinuliwa juu ya matofali kwa ajili ya mchwa. Daftari la kuazima liwe na safu nne tu: tarehe, jina, namba ya kitabu, kimerudi. Walishike watoto wawili, wabadilishwe kila mwezi. Kitabu kinachofaa kusomwa peke yako ni kile ambacho katika maneno 20 mtoto hakwami zaidi ya mara moja. Akikwama mara mbili, asome na mwenzake. Mara tatu na kuendelea, akirudishe kwa amani. Na kitabu kinachochosha kirudishwe hata kama hakijaisha.

Vitabu vikianza kuwaishia, una njia mbili nafuu. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, unatoa bure kwenye intaneti hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na leseni yake inaruhusu kuchapa. Hadithi ya kurasa 16 ukiipanga kurasa mbili kila upande wa karatasi ya A4 inakula karatasi nne tu, kwa hiyo nakala sita ni karatasi 24 steshenari. Nakala sita za hadithi moja kwa kundi la watoto sita zina thamani kwako kuliko vitabu sita tofauti. Maktaba ya mkoa mjini Kigoma nayo ni ya kutembelea; muulize mkutubi wa watoto utaratibu wa kuazimia kikundi.

Njia ya pili naipenda zaidi: watoto watengeneze vyao. Wakawaulize mabibi na mababu hadithi, wasimuliwe kwa Kiha, waje waiandike kwa Kiswahili, au lugha mbili ukurasa kwa ukurasa. Kunja karatasi nne za A4 katikati, unapata kurasa 16, ongeza manila ya jalada. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine mawili sentimita tatu kutoka kila ncha. Sindano itoke ndani kwenda nje kupitia tundu la kati, irudi ndani kwa tundu la juu, ipite ndani ya mkunjo hadi la chini na kutoka nje, kisha irudi ndani kwa lile la kati. Funga ncha mbili za uzi zikiukumbatia uzi mrefu ulio ndani. Ukifungia pembeni, kitabu hufunguka chote baada ya wiki. Kipe namba 47, kiazimwe kama vingine. Usishangae kikiwa ndicho kinachochakaa kwanza.

Kuhusu siku. Alhamisi baada ya vipindi si mbaya, lakini mara moja kwa wiki ni haba. Dakika kumi na tano za kusomewa, siku tatu, zinashinda saa moja ya wiki. Na mwambao una kalenda yake. Giza likiwepo wavuvi wanaingia ziwani na taa, na alfajiri watoto wako wako ufukweni wanaanika dagaa, mchana wanasinzia. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika, na watoto wanalala vizuri. Vitabu vipya na mijadala mikubwa weka wiki ya mwezi mpevu. Wiki za giza wasomee tu, hadithi fupi, usidai mengi.

Kuna mambo ambayo klabu haiwezi kuyatatua. Mtoto anayesogeza kitabu karibu mno na pua, anayekunja macho kuona ubao au kulalamika kichwa kila akisoma, azungumzwe na mzazi wake aende kupimwa macho. Zahanati itamwelekeza, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni ikibidi. Simama nyuma ya mtoto uite jina lake kwa sauti ya kawaida: asiyegeuka mara kwa mara, au anayetoka usaha masikioni, naye aende. Mtoto aliyefunzwa silabi kila siku kwa miezi miwili au mitatu na bado hasomi maneno 20 kwa dakika, ilhali macho na masikio ni mazima, asiitwe mzembe. Mwandikie kupitia mwalimu mkuu afisa elimu maalumu wa halmashauri, aje amwone. Wewe huna zana za kubaini tatizo lake, na kubahatisha kutampotezea mwaka.

La mwisho ni la hatari zaidi, na linakuja pale klabu inapofanikiwa. Watoto wakizoea kusema "hata nyumbani kwetu", siku moja mmoja atasema jambo zito: kipigo kilichopita kiasi, au mtu mzima anayemshika isivyofaa. Usimhoji mbele ya duara na usigeuze mada kwa aibu. Sema "nimekusikia, tutaongea mimi na wewe", endelea na hadithi, kisha umwite pembeni siku hiyohiyo mahali panapoonekana na watu. Msikilize bila kumwongoza na bila kumwahidi siri. Mpelekee taarifa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Ukishindwa pa kuanzia, piga 116, Simu ya Mtoto, haina malipo. Duara lenyewe liendelee Alhamisi inayofuata kama kawaida, na yule mtoto awe na punje zake mbili kama wenzake.